Gari la Mwezini na Vyombo Vyake

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mnaoshika zamu kando ya Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na Kashikishi hadi Chienge, karibu na mpaka wa Zambia na Kongo. Mwezi ninyi mnaujua vizuri. Usiku wa giza ndipo wavuvi wa chisense wanapowasha taa zao ziwani ili kuwavuta samaki. Mbalamwezi ikijaa, taa hizo hupoteza nguvu, na mitumbwi mingi hubaki ufukoni. Askari wa doria naye anajua kwamba usiku wa mbalamwezi huona mbali, na kwamba yeye pia huonekana kutoka mbali.

Mazungumzo yetu leo yanahusu magari yaliyopelekwa kwenye mwezi huo huo. La kwanza lilikuwa Lunokhod 1 la Umoja wa Kisovieti, lililotua tarehe 17 Novemba 1970. Baada yake Marekani, China na India nazo ziliendesha magari yao huko. Picha zinazochapishwa magazetini hutuonyesha magurudumu, bendera na nyayo katika vumbi. Sisi tunataka kuzungumzia shehena, yaani vyombo vya kupimia ambavyo magari hayo yalibeba. Gari la mwezini lisilo na vyombo ni mkokoteni uliosafiri mbali sana, basi. Tena tunasema kwamba chombo chenyewe hakina maana iwapo hakijulikani kiko wapi, hakikutunzwa, au wale wanaopokea taarifa zake hawaziamini. Jambo hilo linamhusu askari aliye Chienge sawasawa na mhandisi aliye Moscow au Beijing.

Tuanze na jambo lililotokea karibu. Mto Luvua hutoka katika Ziwa Mweru huko Pweto, jirani na Chienge kwa upande wa Kongo, ukaenda kujiunga na Lualaba. Juu ya bonde la mto huo, katika jimbo lililoitwa wakati ule Shaba, kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilifanya majaribio ya roketi mwaka 1977 na 1978. Kampuni ilisema kwamba kusudi lake lilikuwa kurusha setilaiti kwa gharama ndogo. Nchi jirani ziliingiwa na wasiwasi kwamba huenda kuna kusudi la kijeshi, na mwaka 1979 serikali ya Zaire iliisimamisha kazi hiyo. Hapa hatutaki kufufua ugomvi wa zamani. Tunakumbusha tu kwamba swali lililowasumbua majirani halikuwa kama roketi inaruka. Waliuliza itabeba nini. Roketi ni mchukuzi, na mchukuzi hupimwa kwa mzigo wake.

Kabla ya hapo, mwaka 1964, mwaka ambao Zambia ilipata uhuru wake, mzalendo Edward Makuka Nkoloso, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alitangaza kwamba chuo alichokianzisha kitawapeleka Wazambia mwezini. Wanafunzi wake walibingirishwa mteremkoni ndani ya pipa la mafuta ili wazoee misukosuko ya safari. Waandishi wa habari wa kigeni walicheka, na wako wanaocheka hadi leo. Sisi hatucheki. Nia alikuwa nayo, na ujasiri alikuwa nao. Lakini pipa linaweza kumfundisha mtu kuvumilia kizunguzungu tu. Haliwezi kumwambia yuko wapi, amekanyaga nini, wala njia ya kurudia nyumbani ni ipi. Kwa kazi hiyo vinahitajika vyombo, na vyombo ndivyo ambavyo taifa changa lililokuwa likitoka katika ukoloni halikuachiwa.

Sasa basi, gari la mwezini hubeba nini? Njia rahisi ya kuelewa ni kukumbuka maswali ambayo kamanda humuuliza kiongozi wa doria kwa redio: Uko wapi? Unaona nini? Ulichokiona ni kitu gani hasa? Chini yake au nyuma yake kuna nini? Hali yenu ikoje? Kila chombo cha gari la mwezini kinajibu mojawapo ya maswali hayo.

Swali la kwanza ni la mahali. Duniani askari hutoa dira mfukoni, na sindano humwonyesha kaskazini. Mwezini dira ni pambo, kwa sababu mwezi hauna usumaku unaouzunguka wote kama ulivyo wa dunia. Wamarekani, waliopeleka magari matatu ya kupandwa na watu katika safari za Apollo 15, 16 na 17 mwaka 1971 na 1972, walitumia njia nyingine. Ndani ya gari kulikuwa na gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi, liitwalo jairoskopu, ambalo tabia yake ni kushikilia upande mmoja hata gari likigeuka namna gani. Kila gurudumu la gari lilikuwa na kihesabu cha mizunguko. Kompyuta ndogo iliunganisha upande na umbali, ikamwonyesha dereva kila wakati chombo walichotua nacho kiko upande gani na kwa kilomita ngapi. Kabla ya kuanza safari, upande ulisahihishwa kwa kutazama kivuli cha jua.

Askari aliyewahi kutembea usiku porini kwa kuhesabu hatua na kufuata pembe ya dira ataona kwamba hesabu ni ile ile. Wamarekani walijiwekea pia sharti la kutokwenda mbali kuliko wanavyoweza kurudi kwa miguu iwapo gari litaharibika, na hewa waliyoibeba iwatoshe. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika Apollo 17, mwezi Desemba 1972, gari lilikwenda jumla ya kilomita 35 na zaidi, lakini halikupita kilomita nane kutoka kwenye chombo cha kurudia.

Warusi, ambao magari yao yaliendeshwa kutoka duniani bila mtu ndani, waliongeza jambo la busara. Lunokhod ilikuwa na magurudumu manane yanayosukumwa na mota, na gurudumu dogo la tisa ambalo halikusukumwa na kitu. Sababu yake ni kwamba gurudumu linalosukumwa huweza kuteleza katika vumbi, likazunguka mara kumi ilhali gari limesogea kidogo. Mkihesabu mizunguko yake mtadhani mmekwenda mbali. Gurudumu la tisa lilikuwa likiburutwa tu, kwa hiyo lilizunguka pale tu gari liliposogea kweli. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili iliwaambia wahandisi gari linateleza kiasi gani. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu yeyote anayeandika taarifa: asihesabu jasho, ahesabu umbali.

Swali la pili ni la macho. Gari la mwezini hubeba kamera, na mara nyingi kamera mbili zilizotengana kidogo kama macho ya mtu, ili umbali wa jiwe au shimo uweze kukadiriwa. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, na mawimbi ya redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika, na nyingine kurudi. Dereva wa Lunokhod alikaa karibu na mji wa Simferopol, katika Krimea, pamoja na wenzake: kamanda, mwongoza njia, mhandisi, na mtu wa kulenga antena. Picha za njia zilimfikia moja moja, kila baada ya sekunde kadhaa. Alipoona shimo katika picha, gari lilikuwa limekwisha kulisogelea. Kwa hiyo kazi ile haikufanana na udereva wa lori. Ilifanana zaidi na kulenga mzinga kwa maelezo ya mtu aliye mbele. Lunokhod 1 ilikuwa na kamera zilizokaa chini mno, na madereva walilalamika. Lunokhod 2, iliyotua mwezi Januari 1973, ikapewa kamera ya juu zaidi, kimo cha macho ya mtu aliyesimama, na ikaweza kwenda kilomita 39, ambapo ya kwanza ilikwenda kilomita 10 na nusu. Malalamiko ya mtu aliye kazini, yakisikilizwa, ni chombo nayo.

Swali la tatu linawahusu zaidi ndugu zetu polisi. Jiwe limeonekana, ni jiwe gani? Kila elementi, iwe chuma, alumini, shaba au salfa, ina alama yake isiyofanana na nyingine, kama alama za vidole vya watu. Kuna njia mbili kuu za kuzisoma alama hizo. Ya kwanza ni kulimulika jiwe kwa mionzi ya eksirei au chembe zitokazo katika kitu chenye nururishi. Jiwe nalo hutoa eksirei zake, na kipimo kiitwacho spektromita husoma nguvu zake na kutaja elementi zilizomo. Lunokhod ilikuwa na chombo cha namna hiyo. Ndugu zake wako karibu nasi: katika migodi ya Copperbelt na Katanga, vifaa vinavyofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo hutumika kujua kiasi cha shaba na kobalti katika mawe, na vingine ni vidogo kiasi cha kushikwa mkononi. Ya pili ni kupiga udongo kwa mwali mkali wa leza hadi sehemu ndogo ya udongo igeuke mvuke unaowaka. Rangi za mwako huo ndizo saini ya elementi zilizomo.

Gari la India liitwalo Pragyan, lenye uzito wa kilo 26 tu, lilibeba vyombo vyote viwili. Lilitua tarehe 23 Agosti 2023 mahali pa kusini sana mwa mwezi ambako hakuna gari jingine lililokuwa limefika. Chombo cha leza kilipotoa habari kwamba udongo wa pale una salfa, wataalamu hawakutosheka. Chombo cha pili, kinachotumia njia tofauti kabisa, kilipima na kusema vile vile. Mpelelezi yeyote anajua uzito wa jambo hilo. Mashahidi wawili walioona tukio kutoka pande mbili, bila kukaa pamoja kupanga maneno, wana thamani kuliko shahidi mmoja aliyeapa mara mbili.

Tena kuna utaratibu ambao hausikiki sana. Magari ya aina hii mara nyingi hubeba kipande cha kitu ambacho kila kilichomo kinajulikana tangu nyumbani, au ubao wa rangi zinazojulikana. Chombo hupima kwanza kile kinachojulikana. Kikisema sawa, ndipo kinaaminiwa kwa kisichojulikana. Kikikosea, wataalamu hujua kimekosea kwa kiasi gani, na hesabu husahihishwa. Mizani ya kupimia mbolea, kipimo cha mwendo wa magari barabarani, bunduki inayolengwa shabaha uwanjani kabla ya kwenda mpakani, vyote viko chini ya sheria hiyo. Mizani ambayo haijasahihishwa inaweza kumfunga asiye na hatia, na ikamwachia mwenye hatia aende zake.

Swali la nne ni la yaliyofichika. Lunokhod ilikuwa na koni ya chuma iliyoshindiliwa udongoni kisha ikazungushwa, ili kujua udongo una uimara gani na kama utabeba gari. Lunokhod 2 ilibeba pia kipima usumaku. Gari la Apollo 17 lilibeba kipimo cha mvuto, maana mwamba mzito chini ya ardhi huvuta kidogo zaidi kuliko udongo mwepesi. China ilikwenda mbele zaidi. Gari lake Yutu-2, ambalo chombo chake kilitua tarehe 3 Januari 2019 upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani, lilikuwa na rada inayopenya ardhi. Rada hiyo hutuma mawimbi ya redio chini na kusikiliza mwangwi wake. Ilionyesha mita 12 hivi za udongo laini, chini yake mawe mengi, na matabaka mengine hadi kina cha mita 40. Kwa kuwa upande ule hauwezi kuonana na dunia, Wachina walitangulia kuweka setilaiti ya kupokezana habari, kama vile kituo cha redio kinavyowekwa kilimani ili kambi mbili zilizotenganishwa na mlima zisikilizane.

Wale waliopata mafunzo ya kutegua mabomu ya ardhini watatambua ndugu hawa wawili. Kipima usumaku na rada ya kupenya ardhi hutumika pia kutafuta mabomu yaliyofukiwa, na rada kama hiyo hutumiwa na wapelelezi kutafuta mahali ardhi ilipochimbwa na kufukiwa tena.

Linabaki swali la tano: hali yenu ikoje? Mwezini mchana hudumu majuma mawili ya kwetu, na usiku vivyo hivyo. Karibu na ikweta ya mwezi joto la mchana hupita digrii 100, joto linalochemsha maji, na usiku baridi hushuka chini ya sifuri kwa zaidi ya digrii 150. Betri hufa, solda hupasuka, mafuta huganda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kifaa cha mwezini ni blanketi na jiko, ingawa hatuviiti vyombo vya sayansi. Lunokhod ilikuwa na kifuniko kama cha sufuria, ambacho ndani yake kulikuwa na mabamba ya kukusanya nguvu za jua. Mchana kilifunguliwa, usiku kilifungwa, na ndani kitu chenye nururishi kiitwacho poloni kilitoa joto la kuvilinda vyombo. Pragyan haikuwa na jiko la namna hiyo. Ililazwa mwanzoni mwa Septemba 2023 kabla ya usiku kuingia, na jua lilipochomoza tena haikuamka. Hiyo haikuwa aibu, kwa maana kazi yake ilipangiwa mchana mmoja na iliimaliza.

Habari ya Lunokhod 2, hata hivyo, ni ya kusikitisha, na inafaa kusomwa katika kila karakana ya jeshi. Mwezi Mei 1973 gari hilo liliingia katika shimo huku kifuniko chake kikiwa wazi. Kifuniko kiligusa ukingo wa shimo na kuchota udongo. Udongo ule ulipunguza nguvu za jua. Kifuniko kilipofungwa kwa ajili ya usiku, ukamwagika juu ya sehemu inayotoa joto nje. Mchana uliofuata gari halikuweza kupoa, likafa kwa joto. Gari la kilo 840, lililovuka nafasi yote baina ya dunia na mwezi, liliuawa na vumbi. Wamarekani wa Apollo 17 nao walivunjikiwa bawa la kuzuia vumbi la gurudumu moja. Wakaunganisha ramani zao kwa gundi ya utepe, wakazibana mahali pa bawa, safari ikaendelea. Hao waliliona vumbi kuwa adui mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lipo tukio la karibu zaidi ambalo linafundisha jambo tofauti. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambamo wanaishi ndugu wengi wasemao Kiswahili, ulitengeneza gari dogo la kilo kumi hivi liitwalo Rashid. Lilibeba kamera za kutazama mbali, kamera ya kukuza chembe za udongo, kamera ya joto, na vipimo vya kuchunguza umeme ulio juu ya uso wa mwezi. Lilisafirishwa mwezi Desemba 2022 ndani ya chombo cha kampuni ya Kijapani. Tarehe 25 Aprili 2023 chombo hicho kilikuwa kinashuka. Kilipopita juu ya ukingo wa shimo kubwa, ardhi chini yake iliporomoka ghafla kwa kilomita tatu hivi, na rada ya kupima kimo ikasema kweli: tuko juu zaidi kuliko mnavyodhani. Programu ya kompyuta, iliyoundwa kushuku mabadiliko ya ghafla, iliamua kwamba rada imeharibika, ikaacha kuisikiliza. Chombo kilidhani kimegusa ardhi ilhali bado kiko juu kwa kilomita tano. Mafuta yakaisha, kikaanguka, na Rashid na vyombo vyake vyote vikapotea bila kupima kitu.

Hapo hakuna chombo kilichosema uongo. Shahidi alisema kweli na hakuaminiwa, kwa sababu kweli yake haikulingana na matarajio ya wakubwa. Tunawaomba maofisa wanaotusikiliza walifikirie jambo hilo. Askari wa lindo anapoleta habari isiyotarajiwa, ni haki kumuuliza maswali. Lakini kumnyamazisha kwa sababu tu habari yake ni ngeni ni kuruka gizani ukidhani umekanyaga ardhi.

Huenda msikilizaji akauliza: yote haya yanaihusu vipi Chienge? Yanaihusu kupitia neno moja, nalo ni mahali. David Livingstone alifika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867. Wenyeji walikuwa wakilijua ziwa lao na kulivua tangu zamani, lakini ramani za Ulaya hazikujua lilipo. Ili kujua mtu yuko mashariki au magharibi kiasi gani, ilibidi ajue saa ya mahali pengine. Saa ambazo Livingstone alizibeba zilikuwa zimepata mishtuko njiani, na hesabu zake zikapotoka. Njia nyingine ya wakati ule ilikuwa mwezi wenyewe. Mwezi husogea mbele ya nyota kwa kiasi cha upana wake kila saa moja, kwa hiyo nafasi iliyo baina yake na nyota fulani ni kama mshale wa saa iliyo angani. Ubaya wake ni kwamba mshale huo huenda polepole mno. Digrii moja hugawanywa katika sehemu 60. Aliyekosea sehemu moja tu katika kupima nafasi hiyo alikosea mahali pake hapa kwetu kwa kilomita 55 hivi.

Kwa elimu ya namna hiyo ndiyo wageni walikuja kugawa nchi. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Kongo, ulisema mpaka utakwenda moja kwa moja kutoka rasi ya Akalunga katika Ziwa Tanganyika hadi pale mto unapotoka katika Ziwa Mweru. Ulikuwa mstari katika karatasi, baina ya sehemu mbili ambazo hazionani, na wenye mashamba na makaburi yao hapo hawakuulizwa. Mwaka 2020 majeshi ya Zambia na Kongo yaliwahi kukabiliana katika eneo la mpaka huo, hadi Jumuiya ya SADC ilipoingia kati na suala likarudishwa mezani kwa mazungumzo na kazi ya wataalamu. Kazi ya mazungumzo haya si kusema upande gani ulikuwa na haki. Lakini kila askari aliyesimama pale akiwa na bunduki alikuwa amesimama juu ya tatizo la kipimo.

Sasa tazameni mambo yalivyogeuka. Lunokhod 1 ilibeba kifaa kilichotengenezwa Ufaransa, chenye vioo vilivyokatwa kwa pembe ili kurudisha mwanga kule kule ulikotoka, kama alama za barabarani zinavyorudisha mwanga wa taa za gari. Ukipiga mwali wa leza kutoka duniani na kupima muda wa kwenda na kurudi, unajua umbali wa mwezi kwa usahihi wa sentimita. Kwa vioo vya namna hiyo tumejua kwamba mwezi unatuacha kwa kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka. Lakini Lunokhod 1 iliponyamaza mwezi Septemba 1971, mahali pake hasa palikuwa hapajulikani kwa usahihi wa kutosha. Kifaa kizima, kisicho na kasoro, kikakaa miaka karibu 40 bila faida kwa mtu yeyote, kwa sababu kila leza ilikuwa inalengwa pembeni. Mwaka 2010 setilaiti ya Marekani iliyouzunguka mwezi ililipiga picha gari hilo. Mwezi Aprili mwaka huo wataalamu walielekeza leza yao mahali sahihi, na mwangwi ukarudi ukiwa na nguvu kuliko walivyotarajia. Kioo kilikuwa kizima wakati wote, kikingoja kulengwa.

Ndugu askari, tunamalizia hapo kwa makusudi. Vyombo mlivyokabidhiwa, yaani redio, dira, darubini, mizani, kifaa cha kuonyesha mahali kwa setilaiti, na hata daftari la matukio na kalamu, ni vyombo vya sayansi iwapo vinatumiwa kwa utaratibu wa sayansi. Vipangusweni vumbi. Visahihisheni kwa kitu kinachojulikana kabla ya kuvitumia kwa kisichojulikana. Andikeni mahali na saa kabla ya kuandika maoni. Habari moja itafutiwe shahidi wa pili. Na habari ngeni ikifika kutoka kwa mwenzenu aliye mbele, msiitupe kabla ya kuipima.

Mpakani, kosa la kilomita moja katika taarifa linaweza kupeleka kikosi katika ardhi ya jirani, na likaleta msiba katika vijiji ambavyo watu wake wana shangazi na wajomba pande zote mbili. Taarifa sahihi huweza kuwarudisha wote nyumbani wazima. Katika kazi yenu hakuna kipimo kikubwa kuliko hicho.